Birmingham: Viti vya mikutano kazini na hatari ya moto

Katika maghala, viwanda na nyumba za kutunzia wazee mjini Birmingham, mkutano wa wafanyakazi huandaliwa kwa muda mfupi: meza husogezwa kando, viti vya kukunja hutolewa stoo na watu huketi.

Wanaovipanga viti hivyo, wakiwemo wahamiaji kutoka Afrika Mashariki, huenda wasijue kwamba sheria ina la kusema juu ya kazi hiyo.

Amri ya Usalama wa Moto ya mwaka 2005 ilianza kutumika England na Wales tarehe 1 Oktoba 2006. Inamtwika mwajiri jukumu la kutathmini hatari ya moto mahali pa kazi, na kurudia tathmini hiyo hali inapobadilika. Kantini ambamo watu 40 hula kwa zamu si mahali palepale tena pakishapangwa viti 120.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2023, tathmini hiyo sharti iandikwe kikamilifu, hata penye wafanyakazi wasiofika watano.

Mjini Birmingham msimamizi wa sheria hiyo ni Kikosi cha Zimamoto cha West Midlands, chenye uwezo wa kupiga marufuku matumizi ya ukumbi unaohatarisha maisha.

Tatizo la kwanza la viti vya muda ni wepesi wake. Kimoja kikianguka penye moshi, aliye nyuma hujikwaa, na wanaomfuata humwangukia. Ndiyo maana, hadhira inapozidi watu 50, hushauriwa viti vifungwe pamoja, angalau vinne vinne.

Kati ya safu na safu ibaki nafasi ya sentimita 30 hivi, na njia ya kupita kati ya viti iwe na upana unaozidi mita moja. Mlango utakaotumiwa na watu zaidi ya 60 ufunguke kuelekea nje. Adui wa mpango huu ni kile kiti kimoja cha ziada, kinachowekwa mbele ya mlango kwa ajili ya mgeni aliyechelewa.

Tatizo la pili ni kwamba kiti chenyewe huwaka. Tarehe 8 Mei 1979, moto ulizuka penye samani za sponji katika duka la Woolworths mjini Manchester, na watu 10 wakafariki dunia. Sponji iliyowaka ilitoa moshi mzito wenye sumu.

Majukwaa ya ngazi yana hatari nyingine: uwazi ulio chini yake. Jukwaa la uwanja wa Bradford halikuwa la muda, lakini takataka zilikuwa zimelundikana kwa miaka chini ya viti vyake vya mbao. Tarehe 11 Mei 1985 ziliwaka, na jukwaa zima likamezwa kwa dakika chache. Watu 56 walipoteza maisha, wengi wao wakiwa wamekimbilia milango ya nyuma iliyokuwa imefungwa.

Kwa hiyo maboksi, mapambo na nyaya za spika havifai kufichwa chini ya jukwaa, hata kwa saa mbili za sherehe.

Mfanyakazi naye ana wajibu. Amri hiyo inamtaka amweleze mwajiri hatari kubwa anayoiona. Akipuuzwa, anaweza kuwaarifu zimamoto; na moto ukishawaka, namba ya kupiga ni 999, bila malipo.