Saa za Kumwona Mtoto Wodini

Katika hospitali za Uingereza za nusu ya kwanza ya karne ya 20, mtoto aliyelazwa alikabidhiwa wauguzi langoni na mama akarudi nyumbani. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1949 unaonyesha jinsi hospitali za London zilivyopanga saa za kuwaona watoto. Guy's iliruhusu wazazi Jumapili, saa nane hadi saa kumi mchana. St Bartholomew's iliruhusu Jumatano, kwa muda wa saa moja na nusu tu. St Thomas' ilizuia wazazi kwa mwezi mzima wa kwanza, ila wangeweza kumtazama mtoto wao akiwa amelala, kati ya saa moja na saa mbili usiku. Katika London Hospital, aliyekuwa hajafikisha miaka mitatu alitazamwa kutoka nyuma ya kizuizi. West London haikuruhusu kabisa. Wapo watoto waliokaa hivyo kwa miezi, hasa wenye kifua kikuu cha mifupa.

Waliotunga kanuni hizo hawakuwa watu wasio na huruma. Kabla ya dawa za viuavijasumu, surua au dondakoo iliyoingia wodini ilikuwa msiba, na mgeni alihesabiwa kuwa mlango wa maradhi. Sababu ya pili ndiyo iliyodumu zaidi, hata hofu ya maambukizi ilipopungua: mtoto alilia mama akija na akalia zaidi mama akiondoka, lakini akiachwa siku kadhaa alinyamaza. Akala, akakubali sindano, hakumsumbua mtu. Wauguzi walisema ametulia. Utaratibu wote ulisimama juu ya tafsiri hiyo moja ya kimya cha mtoto.

Wachache waliikataa mapema. Huko Newcastle, daktari James Spence alianza katika miaka ya 1920 kuwalaza mama pamoja na watoto wao wachanga ili mama mwenyewe ashike kazi ya uuguzi. Wenzake walimheshimu, lakini hawakumfuata.

Aliyeibadili tafsiri hiyo ya kimya hakuwa daktari. James Robertson alizaliwa mwaka 1911 katika familia ya wafanyakazi huko Uskoti. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliajiriwa katika vituo vya mwanasaikolojia Anna Freud vya kulelea watoto, eneo la Hampstead, London, ashughulikie matengenezo na majiko ya kupashia nyumba joto. Anna Freud alimtaka kila mfanyakazi, awe mlezi au fundi, aandike kwenye kadi alichokiona kwa watoto. Robertson alijifunza hapo kumtazama mtoto bila haraka ya kumweleza. Mwaka 1948 alichukuliwa na John Bowlby wa kliniki ya Tavistock, aliyekuwa akichunguza madhara ya kumtenga mtoto mdogo na mama yake, akapelekwa wodini kutazama.

Alichokiona alikigawa katika hatua tatu. Kwanza mtoto hupinga: hulia, huita, hutupa vitu, hutazama mlango. Kisha hukata tamaa: hulia kwa sauti ndogo, hujikunyata, hukosa hamu ya kucheza. Hatua ya tatu ndiyo iliyokuwa ikisifiwa. Mtoto huonekana mchangamfu tena, lakini mama akija hamkimbilii, hupokea zawadi na kumtazama kama mgeni. Kwa Robertson, huko hakukuwa kutulia. Mtoto alikuwa ameificha haja yake kwa sababu kuibeba kulimshinda. Aliyelia kwa nguvu ndiye aliyekuwa bado na tumaini.

Madaktari hawakumwamini, hivyo mwaka 1952 akatengeneza filamu. Laura, wa miaka miwili na miezi mitano, alichaguliwa bila upendeleo kutoka kwenye orodha ya waliosubiri kulazwa. Alikaa siku nane kwa upasuaji wa ngiri ya kitovu. Saa ya ukutani iliingizwa kwenye picha ili asiwepo wa kudai kwamba vipande vimechaguliwa. Laura alilia kidogo tu. Alijizuia, akakumbatia kidubu chake cha kitambaa na blanketi lake. Siku ya kwenda nyumbani alikataa kumshika mama yake mkono. Miezi kadhaa baadaye, alipoiona filamu hiyo kwa bahati, alimgeukia mama kwa hasira akamuuliza alikuwa wapi.

Filamu ilipoonyeshwa Novemba mwaka huo mbele ya Royal Society of Medicine, madaktari wengi walikasirika wakadai imewachafua. Dermod MacCarthy, daktari wa watoto wa Amersham, alikuwa miongoni mwa waliochukizwa. Lakini aliporudi wodini alianza kuyaona yale aliyoonyeshwa, akawafungulia mama milango. Filamu ya pili ya Robertson, ya mwaka 1958, ilipigwa katika wodi yake.

Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyefanya kazi Tavistock na kuvutiwa na utazamaji wa Robertson, aliupeleka Uganda mwaka 1954, akatembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala na kuandika jinsi watoto wachanga walivyoshikamana na mama zao. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea kumwona mama akilala kitanda kimoja na mgonjwa wake mdogo, ubishi wa London huenda ukashangaza.

Huko Uingereza, mwaka 1959 kamati ya serikali iliyoongozwa na daktari wa mifupa Harry Platt ilipendekeza wazazi waruhusiwe saa zote, mama wa watoto wadogo walazwe nao, watoto wasichanganywe na watu wazima, na wodi ziwe na michezo na masomo. Serikali ilikubali, lakini hospitali nyingi ziliburuta miguu. Mwaka 1961 Robertson aliandika katika gazeti la Observer na kuonekana kwenye televisheni, akiwahimiza wazazi wadai wenyewe. Mama wa Battersea, London, waliunda chama mwaka huohuo, wakaanza kuziuliza hospitali saa zao halisi na kulinganisha majibu na ahadi za serikali. Vyama kama hicho vilizuka katika nchi nyingine za Ulaya, na mwaka 1988 vilikutana Leiden, Uholanzi, vikaandika hati ya vipengele kumi. Kipengele cha pili kinampa mtoto aliyelazwa haki ya kuwa na mzazi wake, au anayeshika nafasi yake, wakati wote.