Uwemba: Ardhi ya Wabena iliyopokea watu wa asili nyingi

KATA ya Uwemba, iliyoko kusini mwa mji wa Njombe, ni miongoni mwa maeneo ya Nyanda za Juu Kusini ambayo mgeni huweza kudhani kuwa yana kabila moja tu. Wakazi wake walio wengi ni Wabena, na salamu ya "kamwene" husikika kuanzia sokoni hadi kanisani. Hata hivyo, historia ya eneo hilo inaonesha kuwa watu wake wametokana na vita, dini, kazi za mashamba, biashara na ndoa vilivyokusanya watu wa asili mbalimbali kwa zaidi ya miaka 100.

Kiutawala, Uwemba ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Njombe, pamoja na kata jirani kama Yakobi, Luponde, Matola na Kifanya. Halmashauri hiyo ilikuwa na wakazi 130,223 katika Sensa ya mwaka 2012, wakati Mji wa Makambako ulikuwa na wakazi 93,827. Mkoa wa Njombe, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Iringa, ulikuwa na wakazi 702,097 mwaka huo, idadi iliyoongezeka hadi 889,946 katika Sensa ya mwaka 2022.

Takwimu hizo zinaeleza umri, jinsi, elimu, uraia na mahali mtu alipozaliwa. Hazielezi kabila lake.

Sensa na suala la kabila

Wakati wa ukoloni wa Uingereza, asili ya mtu ilikuwa msingi wa kuhesabu watu. Katika sensa za mwaka 1948 na 1957, Waafrika walihesabiwa kwa wakati wao, na Wazungu, Waasia na Waarabu kwa wakati mwingine. Waafrika waligawanywa kwa makabila, kwa kuwa utawala ule uliendeshwa kwa kuwatumia machifu, na kila mtu alitarajiwa kuwa chini ya chifu wa kabila lake.

Baada ya Uhuru, serikali ilifuta nafasi za kiutawala za machifu mwaka 1963. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho nchini kuuliza kabila na dini. Tangu hapo, sensa za mwaka 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 zimeacha maswali hayo, kwa msimamo kuwa mipango ya shule, zahanati na maji haihitaji kujua kabila la mwananchi.

Msimamo huo haukukosa wapinzani. Mwaka 2012 baadhi ya vikundi vya Waislamu vilihamasisha waumini kususia sensa kwa sababu swali la dini halikuwekwa. Serikali haikubadili uamuzi wake. Katika Sensa ya mwaka 2022, iliyoanza Agosti 23, Kamisaa alikuwa Anne Makinda, mwanasiasa wa Njombe aliyekuwa Spika wa kwanza mwanamke wa Bunge la Tanzania kati ya mwaka 2010 na 2015. Sensa hiyo nayo haikuuliza kabila wala dini.

Kwa sababu hiyo, makadirio ya ukubwa wa kabila la Wabena hutokana na lugha. Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa mwaka 2009 na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikadiria wasemaji wa Kibena kuwa takriban 592,000. Hata hivyo, wapo Wabena wasiokijua Kibena, na wapo wasemaji wa Kibena ambao si Wabena.

Wabena na jirani zao

Wataalamu wa lugha huiweka Kibena katika kundi moja na Kisangu, Kihehe, Kipangwa, Kikinga, Kiwanji na Kikisi. Ukaribu huo hufanya Mbena na Mhehe waelewane kwa sehemu kubwa bila mkalimani. Ndiyo maana watu wa Iringa na Njombe waishio Dar es Salaam huitwa kwa pamoja Wanyalukolo, jina litokanalo na neno "lukolo," yaani ukoo.

Mipaka ya makabila hayo haikuwa imara hapo kale. Katika karne ya 19 Ubena haukuwa dola moja, bali eneo la koo na watawala wadogo wengi. Dola ya Wahehe ilipopanuka chini ya Munyigumba na mwanawe Mkwawa, baadhi ya Wabena walitawaliwa, na wengine wakahamia bonde la Kilombero wakiongozwa na ukoo wa Mtengera. Kwa upande wa kusini, Wangoni waliokuwa wamefika Songea walivamia Ubena mara kwa mara na kuchukua mateka, ambao wazao wao wamehesabiwa kuwa Wangoni.

Kwa hiyo, damu ya Wabena imo miongoni mwa Wangoni na Wahehe, na damu ya makabila hayo imo miongoni mwa Wabena. Uadui wa zamani umegeuka utani, na Mngoni anayefika msibani Ubena huweza kuwatania wafiwa bila kuchukiwa.

Wamisionari wa Kijerumani

Wazungu wa kwanza kuishi Ubena kwa muda mrefu walikuwa wamisionari Waprotestanti wa Misheni ya Berlin, waliofika mwishoni mwa miaka ya 1890 na kujenga vituo Kidugala, Lupembe na Yakobi. Septemba 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, wapiganaji waliokuwa pamoja na Mtwa Mbeyela walikishambulia kituo cha Yakobi bila kufanikiwa kukiteka. Kisasi cha Wajerumani kilileta njaa na vifo katika Ubena.

Uwemba yenyewe ilijulikana zaidi kwa Wakatoliki. Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia, waliokuwa na makao yao Peramiho tangu mwaka 1898, walijenga hapo misheni yenye kanisa, shule, huduma za afya na karakana. Misheni ilikusanya mapadri na mabruda kutoka Ulaya, pamoja na walimu, mafundi na watawa wa makabila mbalimbali ya kusini. Watawa wa Kibenediktini wa Imiliwaha, mkoani humo, nao wametoka katika makabila mengi.

Matokeo yake ni kuwa, katika Njombe, mgawanyiko wa Wakatoliki na Walutheri umekuwa ukionekana wazi kuliko ule wa makabila. Njombe ni makao ya Jimbo Katoliki na pia ya Dayosisi ya Kusini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Familia nyingi zina ndugu wa pande zote mbili.

Wapolandi, manamba na mashamba

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Ubena ulipokea wageni wasiotarajiwa. Wakimbizi wa Poland, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamehamishiwa Urusi kwa nguvu, waliletwa Tanganyika, na mamia kati yao waliwekwa katika kambi ya Kidugala. Baada ya vita waliondoka kwenda nchi nyingine.

Wakati huohuo, Wabena wenyewe walikuwa wakisafiri. Kwa kuwa Njombe haikuwa na zao kubwa la biashara, vijana walikwenda kama manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Baadhi walirudi na wake wa makabila mengine, na wengine walibaki huko moja kwa moja. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu Njombe, ameonesha jinsi familia zilivyokuwa kimbilio la watu hao katika miaka hiyo migumu.

Kuanzishwa kwa kampuni ya miwati ya TANWAT mwaka 1949, pamoja na mashamba ya chai ya Kibena na Luponde, kulianza kugeuza mkondo huo. Njombe ikawa na ajira zake, na watu wa wilaya jirani wakazifuata.

Reli, barabara na Wakinga

Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, iliipa Makambako stesheni. Barabara ya lami ya Makambako hadi Songea, iliyojengwa katika miaka ya 1980, ilifanya mji huo kuwa njia panda ya mikoa ya kusini.

Waliotumia nafasi hiyo kwa bidii zaidi ni Wakinga kutoka milima ya Makete, wanaosifika kwa biashara katika miji yote ya Nyanda za Juu Kusini. Wapangwa kutoka Ludewa, Wahehe, Wanyakyusa na Wangoni nao wana makazi katika Njombe na Makambako. Uwemba, ikiwa kata ya mashambani, imepokea wageni wachache zaidi, wengi wao wakiwa walimu, wauguzi, watawa na walioolewa huko.

Swali la ardhi

Suala la nani ni mwenyeji limepata uzito mpya tangu kilimo cha parachichi na miti ya mbao kilipopandisha thamani ya ardhi Njombe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haitambui kabila kama sifa ya kumiliki ardhi. Inatambua uraia, ukazi wa kijiji na maamuzi ya Halmashauri ya Kijiji na Mkutano Mkuu. Aidha, inabatilisha mila zinazowanyima wanawake haki ya ardhi, jambo muhimu kwa mjane aliyetoka kabila jingine na kuolewa Ubena.

Kwa maana hiyo, Mkinga aliyepokelewa kijijini kwa kufuata utaratibu ana haki sawa na Mbena aliyezaliwa hapo. Wananchi wasiojua sheria hiyo ndio wanaoweza kupoteza mashamba, ama kwa kumuuzia mgeni bila kupitia kijiji, ama kwa kuambiwa na ndugu wa marehemu kuwa wao si wa ukoo.