Maji Hayasahau Njia Yake

Sisi wa Kailo tunapofika Kindu majira ya mvua, twayaona maji barabarani na ndani ya nyumba za watu, nasi husema upesi: ni mapenzi ya Mungu. Historia yatufundisha kusema kwa uangalifu zaidi.

Kindu ilikua kwa sababu ya maji. Meli zilizotoka Ubundu zilipanda mto Lualaba mpaka hapo. Mbele zaidi maporomoko yalizuia safari. Kwa hiyo, karibu na mwaka 1910, reli ilijengwa kutoka Kindu hadi Kongolo, na makao ya watu yakaifuata bandari. Mwaka 1988 Maniema ikawa jimbo peke yake, na Kindu makao makuu yake. Kisha vita vya 1998 hadi 2003 vikawasukuma wanavijiji wengi kukimbilia mjini. Kasuku, Mikelenge na Alunguli zikapokea watu.

Aliyekimbia risasi hakuchagua kiwanja. Alijenga alipopata, hata bondeni. Tusimlaumu, bali tuelewe. Penye miti, udongo hunywa mvua. Mabati na nyua zilizokanyagwa hazinywi. Mvua yote hushuka kwa pamoja, hukuta mtaro umejaa taka, nayo huirudia njia yake ya kale, ambayo sasa ni nyumba ya mtu.

Mto nao una kumbukumbu. Mwaka 1961 Kongo, ambao ndio Lualaba wetu ukiisha kupita Kisangani, ulipanda Kinshasa hadi mita 6.26; Januari 2024 ulifika mita 6.20. Miaka zaidi ya 60 yamtosha mtu kusahau, si mto.

Zamani za Zaire tulizibua mitaro kwa salongo, wengi wetu kwa kumwogopa mkubwa. Hofu ilipokwisha, mitaro ikaziba. Kazi isiyo na upendo haidumu.

Anayetupa taka mtaroni huko juu haioni nyumba inayozama huko chini. Hapo ndipo swali ambalo Mungu alimwuliza Kaini juu ya nduguye linapotugusa. Basi, vijana wapendwa, kabla ya mvua kubwa kila kikundi kifuate mtaro mmoja tangu mwanzo wake hadi mtoni, kiwaulize wazee maji yalipita wapi zamani, kisha kishike jembe. Nasi wa Kailo, ambao bado tuna nafasi ya kuchagua, tusiyauze mabonde yetu.