Nafasi za Shule kwa Watoto wa Nyumba Moja: Uhamisho wa Wanafunzi Katika Nchi ya Abagusii

Familia inayohamia Birongo katikati ya mwaka huhamisha vyombo vyake kwa siku moja, lakini watoto wake hawahamiki kwa urahisi huo. Kila mmoja hutafutiwa nafasi peke yake, kulingana na darasa lake. Katika wadi hii ya eneo bunge la Nyaribari Chache, Kaunti ya Kisii, kama kwingineko Kenya, hakuna kanuni ya kitaifa inayowapa watoto wa tumbo moja haki ya kupokelewa katika shule moja. Nchini Uingereza, shule yenye waombaji wengi kuliko nafasi kwa kawaida huwapa kipaumbele watoto ambao ndugu zao tayari wanasoma humo, kisha wale wanaokaa karibu. Kenya haikupangia shule zake za msingi mipaka ya namna hiyo. Mlango umekuwa mikononi mwa mwalimu mkuu, na vigezo vyake vimebadilika kadiri miaka ilivyosonga: kwanza dhehebu, kisha mchango, na hatimaye karatasi.

Shule ziliingia Gusii pamoja na misheni. Wakatoliki walianza Nyabururu mwaka wa 1911, na Waadventista Wasabato wakafuata Nyanchwa mwaka wa 1912, kila upande ukiwa umbali mfupi tu kutoka kituo cha serikali ambacho leo ni mji wa Kisii. Suala la kuwaingiza ndugu pamoja halikuwapo wakati huo, kwa sababu rahisi tu: baba aliyekubali kumpeleka mtoto shuleni alimpeleka mmoja. Wengine walibaki kuchunga ng'ombe na mbuzi, na wasichana walibaki na mama zao shambani. Nafasi zilizidi wanafunzi, na wamisionari ndio waliozunguka kuwatafuta watoto.

Hali iligeuka wazazi walipoanza kuona mshahara wa karani na wa mwalimu. Shule ndogo za vijijini zilienea vilimani, kila moja chini ya kanisa lake, na kufikia 1948 Walutheri kutoka Uswidi walikuwa wameingia nao na kuanza kazi Itierio. Aliyehama kutoka upande wa Wakatoliki kwenda kijiji chenye shule ya Waadventista alibadilisha zaidi ya njia ya kwenda shuleni. Siku ya ibada ilibadilika, na mtoto alitarajiwa kufuata mafundisho ya wenyeji wake. Kwa hiyo wengi walichagua kumwacha mtoto nyuma, kwa mjomba au kwa nyanya, aendelee na shule aliyoizoea. Desturi hii ya kumweka mtoto kwa jamaa iliendana vizuri na malezi ya Abagusii, ambako mtoto hakuwa wa wazazi wawili peke yao. Ndiyo iliyobeba uhamisho wa shule kwa miongo mingi iliyofuata, bila kuandikwa katika waraka wowote wa Wizara ya Elimu.

Ripoti ya Beecher ya 1949 iliongeza kizingiti kingine. Katika mpango wa miaka minne, minne na minne uliotokana nayo, mtoto alifanya mtihani wa kuchuja mwishoni mwa darasa la nne, na waliofaulu tu ndio waliopata nafasi katika shule za kati. Shule hizo zilikuwa chache. Matokeo yake ni kwamba watoto wa nyumba moja walitawanyika hata pale ambapo familia haikuhama kabisa: mkubwa alitembea mwendo mrefu au alilala kwa jamaa karibu na shule ya kati, wadogo wakasoma pale kijijini, na aliyeanguka mtihani akarudi jembeni. Familia iliyohama wakati mtoto alikuwa darasa la tano iliweza kupoteza nafasi iliyopatikana kwa jasho, kwani kule ilikoenda, madarasa ya kati yalikuwa yamejazwa na waliofaulu wa huko.

Uhamaji mkubwa katika kumbukumbu za Gusii ulikuja na uhuru. Ardhi ya vilima ilikuwa imegawanywa vipande vidogo kwa urithi wa vizazi. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulioanza 1962 uliwafungulia Waafrika mashamba yaliyokuwa ya walowezi, na Abagusii wengi walichukua vishamba katika eneo linaloitwa leo Borabu, Kaunti ya Nyamira, kuzunguka Nyansiongo na Kijauri, mpakani na Sotik. Watu waliliita eneo hilo Settlement, na jina likashika.

Shamba lilikuwepo, shule ndiyo iliyokosekana. Mgao wa ardhi haukungoja kalenda ya Wizara ya Elimu. Mwenye shamba alipaswa kulima, kukamua na kulipa mkopo, kwa hiyo alihama msimu ulipomruhusu, hata kama ni katikati ya muhula wa pili. Hapo ndipo familia ziligawanyika kwa mpangilio ambao ungali unafahamika: wadogo walifuatana na mama kwenda Settlement, wakasubiri shule ya harambee ijengwe, na wakubwa walibaki Nyaribari, Kitutu au Bobasi chini ya uangalizi wa nyanya. Likizo ndiyo iliyowakutanisha. Wanahistoria wa ardhi wameandika mengi kuhusu mikopo na maziwa ya Borabu. Safari za likizo za watoto hao zimepata kurasa chache mno, ingawa kwa familia nyingi ndizo zilizoamua nani asome hadi wapi.

Sheria ya Elimu ya 1968 iliweka shule chini ya serikali, na makanisa yakabaki kama wafadhili. Dhehebu lilipungua nguvu mlangoni. Nafasi yake ikachukuliwa na mchango. Amri ya rais ya Desemba 1973 ilifuta karo kwa madarasa manne ya kwanza kuanzia 1974, watoto wakafurika, na kamati za shule zikaanza kudai fedha za ujenzi ili kupata madarasa ya kuwaweka. Katika sehemu nyingi za nchi fedha hizo zilizidi karo iliyofutwa. Serikali ilizipiga marufuku baadaye, lakini hazikuisha. Zilibadilisha majina tu. Sera ya kugawana gharama ya mwishoni mwa miaka ya 1980 ikazipa uhai mpya.

Kwa mgeni, hesabu ilikuwa chungu. Wazazi wenyeji walikuwa wamelipia ujenzi kidogo kidogo kwa miaka. Aliyefika Juni aliweza kudaiwa vyote kwa mkupuo, na kwa kila mtoto. Juu ya hayo palikuwa na dawati la kuja nalo, sare ya rangi nyingine, na mtihani mfupi ambao mara nyingi uliishia kwa ushauri kwamba mtoto arudie darasa. Mzazi mwenye watoto wanne alianza na wawili. Mara nyingi kifungua mimba na kitinda mimba hawakukaa katika kundi moja.

Kizingiti kilichokuwa kigumu kuliko vyote ni usajili wa mtihani. Tangu KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilipoanza mwaka wa 1985 pamoja na mfumo wa elimu wa 8-4-4, mtahiniwa alisajiliwa mapema katika mwaka, kwa nambari ya shule yake, na Novemba alifanyia mtihani pale pale. Usajili ukishafungwa, mtoto wa darasa la nane alikuwa amefungwa na kituo chake hata kama wazazi wamehamia kaunti nyingine. Shule nayo haikuwa na hamu ya kumpokea mwanafunzi wa darasa la saba asiyejulikana uwezo wake, kwa kuwa mwaka uliofuata angeingia katika alama ya wastani ambayo shule ilipimwa nayo. Huyo wa darasa la saba ndiye aliyesumbua wazazi zaidi kuliko ndugu zake wote.

Baadhi ya familia zilipita kwa urahisi. Walimu waliohamishwa na Tume ya Huduma ya Walimu, iliyoundwa 1967, kwa kawaida waliingia na watoto wao katika shule mpya bila maswali mengi. Wafanyakazi wa majani chai huko Kericho walikuwa na shule ndani ya mashamba ya kampuni, mpaka kazi ilipoisha na nyumba ya kampuni ikarudishwa. Wenye uwezo walipeleka watoto katika akademi za bweni, ambazo hazikujali mzazi analala wapi mradi karo ilipwe. Mayatima wa miaka ya UKIMWI hawakuwa na bahati hiyo: waligawanywa kwa wajomba na shangazi, na kila mmoja akasoma alikolelewa.

Januari 2003 elimu ya msingi ilifanywa kuwa bure. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi nchini ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2, na serikali ikatenga shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Mchango ukaacha kuwa kizuizi halali, lakini fedha zilifuata idadi iliyohesabiwa, si mtoto aliyeingia jana. Mwalimu mkuu aliyepokea ndugu watatu mwezi wa Julai aliwasomesha kwa fungu la wengine.

Mtihani wa kweli wa mfumo ulikuja na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Familia za Abagusii zilikimbia kutoka Kericho, Molo na Nakuru, na mpaka wa Borabu na Sotik ukawaka moto hadi kituo cha biashara cha Chebilat. Watoto walifika kwa jamaa zao Kisii na Nyamira bila barua ya uhamisho, bila ripoti, wengine bila viatu. Shule ziliwaandikisha kwanza na kuuliza vyeti baadaye. Waziri wa Elimu mwaka wa 2008 alikuwa Sam Ongeri, mbunge wa Nyaribari Masaba. Ilichukua msiba ili watoto wa nyumba moja waingie lango moja siku moja kwa wingi huo.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilikataza shule za umma kumpa mtoto mtihani wa kumkubali au kumkataa. Mtihani unaruhusiwa tu kuonyesha darasa linalomfaa. Mwaka wa 2017, chini ya waziri Fred Matiang'i, mzaliwa wa Borabu, ulizinduliwa NEMIS, mfumo wa kompyuta wa taarifa za elimu, uliompa kila mwanafunzi nambari yake. Tangu hapo uhamisho umepitia kwenye kompyuta: shule inayompokea huomba, shule ya zamani humwachilia, na mgao wa fedha humfuata. Asiye na cheti cha kuzaliwa huweza kukwama, na katika nyumba moja aliyezaliwa hospitalini anaweza kuwa nacho ilhali mkubwa wake aliyezaliwa nyumbani hana. Janga la korona lilionyesha uzito wa jambo hili. Shule zilifungwa Machi 2020, kazi zikapotea Nairobi, familia zikarudi vijijini, na shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021 wazazi walipanga foleni kuomba nafasi, wengine wakiwa na madeni ya karo katika shule za kibinafsi zilizokataa kuwaachilia watoto.

KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, mwaka ambao gredi ya saba ya mtaala mpya uliochukua nafasi ya 8-4-4 ilianza ndani ya shule za msingi kama sekondari ya chini. Hivyo watoto wa umri wa miaka sita hadi kumi na tano wanaweza tena kusoma katika uwanja mmoja. Lakini tathmini za shuleni za gredi ya nne, ya tano na ya sita sasa ni asilimia 60 ya alama za KPSEA, tathmini ya mwisho wa gredi ya sita, kwa hiyo alama hizo lazima zihame na mtoto pamoja na nambari yake ya tathmini. Kwa gredi ya tisa, kituo cha mtihani bado ndicho kinachoamua, kama ilivyokuwa kwa darasa la nane. Baada ya hapo mwanafunzi hupangiwa shule ya sekondari ya juu kulingana na mkondo wa masomo aliochagua.