Ndiva, Msitu na Haki ya Ardhi Mhezi

Mhezi ni mojawapo ya kata za Wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro, katika Milima ya Pare Kusini. Wakulima wa milima hiyo wana ndiva, yaani mabwawa ya jadi yanayojazwa usiku na kufunguliwa mchana, maji yakagawiwa kwa zamu. Vyanzo vyake hulindwa na misitu, hasa Chome, yenye kilele cha Shengena na ndege wasiopatikana kwingineko duniani. Msitu ukifyekwa, ndiva hukauka na chakula hupungua. Hata hivyo, zamu ya maji haimfai asiye na shamba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi.