Kikombe Chenye Safari Nyingi

Anayeonja chai ya viungo mjini Mombasa huonja njia za watu wengi. Iliki na pilipili manga asili yake ni milima ya kusini mwa India. Mdalasini, Sri Lanka. Karafuu, visiwa vya Maluku. Karafuu ililowea Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, ikastawi kwa jasho la watumwa. Kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu ya huko, Pemba ikashika usukani.

Chai yenyewe ni mgeni wa juzi.

Miche kutoka India ilipandwa Limuru mwaka 1903, miaka miwili baada ya reli ya Mombasa kufika Ziwa Victoria. Vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India waliijenga. Wengi walirudi kwao, ila baadhi walibaki. Wakulima wadogo Waafrika, ajabu ya mambo, hawakuruhusiwa kupanda chai Kenya hadi miaka ya 1950!

Siku hizi msafiri hutambua alipo kwa kikombe. Bara humiminiwa chai ya maziwa na tangawizi. Unguja huletewa ya rangi, yenye mdalasini na mchaichai. Ya maziwa hushibisha, lakini huifunika karafuu.