Nuru na Gundi Katika Jino

Mtu ashukaye kutoka mashamba ya chai yaliyo juu ya Kianyaga ili azibwe jino, hapendi, msomaji, kuirudia safari ile kwa sababu kizibo kimeng'oka. Kushika kwa kizibo kuna historia yake.

Mwaka 1900, mjini Munich, mwanafunzi Oscar Raab, akiongozwa na mwalimu wake Hermann von Tappeiner, alitia paramesia, viumbe vya chembe moja, katika maji yenye rangi ya akridini. Gizani vilidumu, mwangani vilikufa upesi. Ajabu ni kwamba nuru ile ile, pasipo rangi, haikuviua hivyo.

Mwaka 1955, huko Rochester, Marekani, Michael Buonocore alipaka asidi ya fosforasi juu ya jino. Uso wake laini ukawa na vishimo vidogo mno, na resini ikapata pa kushika.

Siku hizi tabibu aweza kupaka buluu ya methilini katika tundu la jino, akaimulika kwa taa nyekundu, bakteria waliosalia wakafa. Lakini rangi ikibaki katika vijitundu vya dentini huizuia gundi isipenye. Na oksijeni ile ile iuayo bakteria yaweza kuizuia resini isigande. Majaribio ya maabara yamehitilafiana: mengine yaliikuta gundi imedhoofika, mengine hayakuona tofauti. Hutegemea rangi yenyewe, nguvu ya taa, na, nionavyo mimi, zaidi ya yote, jinsi tundu lilivyosafishwa kabla ya kutiwa gundi.